Fundi Aliyefika Mgunda Mkali

Mafundi cherehani ni waongo, na nayasema haya nikiwa nimekaa nao baraza moja kwa miaka kumi na tisa. Ukipeleka kitambaa Jumatatu utaambiwa njoo Alhamisi. Alhamisi utaambiwa bado vifungo. Ukija na vifungo utaambiwa umeme ulikatika, hata kama mashine yenyewe ni ya kukanyaga kwa miguu. Mimi nauza uzi, zipu, vifungo na lastiki kwenye meza yangu pale Gongoni, na uongo wa mafundi ndio ulionisomeshea watoto, maana mteja aliyezungushwa wiki tatu lazima anunue kitu kwangu asirudi nyumbani mikono mitupu.

Basi Najiat alipoanza kuwazungusha watu, sikushangaa. Nilisema, naam, sasa ameiva.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mrefu, sauti ya chini, mtoto wa mjini Tabora kwa mama na kwa baba. Mashine anayoshonea aliachiwa na mama yake, nyeusi, ina ua la dhahabu ubavuni lililofutika kwa kuguswa. Mumewe, Uwesu, anatengeneza baiskeli karibu na stendi. Mtoto hawajajaliwa. Sketi za marinda za wanafunzi, mji huu mzima hakuna anayezishona kama yeye. Rinda lake ukilipiga pasi mara moja linakaa muhula mzima. Na ana tabia moja: katikati ya kazi anaacha kukanyaga, anatazama barabarani kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Tulimtania kwamba mwili uko Gongoni, roho iko safarini. Hatukujua tulikuwa tunasema kweli.

Kila asubuhi alifika, akaifunua mashine, akanigeukia.

"Shikamoo, dada Sikuzani."

"Marahaba. Habari za kuamka?"

"Nzuri, alhamdulillahi."

Miaka saba tumekaa pamoja, jibu halikubadilika hata siku moja.

Kila mwezi alikuwa na siku zake za kupotea. Mwanzo zilikuwa mbili. Baadaye nne, baadaye wiki nzima. Siku nyingine alikuja akakanyaga kwa mguu mmoja, mkono ameubana tumboni, na ndani ya khanga amejifunga chupa ya maji ya moto. Nilijua ni siku zake. Mwanamke gani asingejua? Lakini kwetu jambo hilo halitajwi hadharani. Mtu akiwa katika hali hiyo, adabu ni kutazama pembeni. Nami nilitazama pembeni kwa adabu kubwa sana.

Ugonjwa wake ulikuwa na majina mengi. Zahanati moja waliuita malaria, nyingine taifodi, nyingine maambukizi ya mkojo, mara tatu, na kila jina lilikuja na vidonge vyake. Mama mmoja wa mizizi kutoka Sikonge alimpa dawa chungu iliyochanganywa na asali, akanywa chupa nne. Shangazi zake walimwambia, zaa tu, litaisha. Kana kwamba alikuwa amekataa kuzaa!

Kazi nayo ikaanza kumkimbia. Kulikuwa na shule iliyokuwa inampa sketi zote za kidato cha kwanza. Mwaka mmoja alichelewa wiki mbili, na mwaka uliofuata sketi zikaenda kwa fundi mwenye mashine ya umeme. Najiat naye alikuwa anadunduliza anunue mota aifunge kwenye mashine ya mama yake, apumzishe miguu. Mota ile ikaliwa na vipimo na vidonge. Mwishowe akabaki na kazi ya kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Kwangu ilikuwa neema, kwa sababu zipu nauza mimi. Nasema ukweli hata kama unaniumbua.

Mwaka huu, Januari, wiki ya kufungua shule, akaja Levina. Levina ni mama wa mapacha wa kike, mwanamke wa kifua mbele, na hiyo ilikuwa mara yake ya nne kufuata sketi zao.

"Fundi yuko wapi?" akauliza, mkono kiunoni.

"Fundi yuko kwenye uongo wake," nikamjibu. "Wewe njoo kesho. Kesho ya mafundi haina tarehe."

Tukacheka. Nikaona kicheko kimekolea, nikaongeza, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, kwamba huenda bibi yule amejilalia zake, maana wengine wameumbwa na miguu ya cherehani lakini mioyo ya kitanda. Levina alicheka mpaka akashika meza yangu.

Ndipo tukasikia mkasi ukianguka.

Ulianguka nyuma ya vitambaa ambavyo Najiat huvitundika kama pazia. Nikavifunua. Alikuwa chini ya meza ya kukatia, amejikunja juu ya kaki ya suruali za watu, uso unatiririka jasho, khanga kaing'ata. Alikuwa pale tangu alfajiri. Alisikia kila neno.

"Najiat! Mwenzangu, una nini? Habari gani hizi?"

Na yeye, wallahi, kutoka pale sakafuni, akanijibu, "Nzuri, dada."

Nilitamani ardhi inimeze na meza yangu ya vifungo. Levina, aliyekuja akitafuta ugomvi, alipiga magoti akaanza kumpepea kwa karatasi ya kukatia mitindo. Najiat alifumbua macho, lakini hakututazama sisi. Alitazama juu, kama mtu anayekadiria jua.

"Niko Tura," akasema polepole. "Nikipita hapa, ndio basi tena."

Nikadhani homa imempanda kichwani. Tukamshika, mmoja huku mmoja kule, mpaka lile lililomkamata likalegea. Jioni, watu walipopungua na mavumbi ya barabarani yalipoanza kutua, akanieleza habari za Tura.

Alilelewa na bibi yake, Bibi Maua. Huyo bibi alikuwa na bibi wa bibi aliyetembea na misafara ya zamani, si kwa kupenda, na mzigo wake ulikuwa vyungu kichwani na mtoto mgongoni. Majina ya vituo yalibaki nyumbani kwao kama vyombo vya urithi. Najiat alipovunja ungo, miaka kumi na mitatu, tumbo lilimlaza mkekani siku tatu. Bibi Maua hakuwa na dawa. Alikuwa na kiganja cha kumsugua mgongo, na alikuwa na ile njia.

"Sasa tunatoka Kwihara," alimwambia. "Miembe ikikwisha, ujue Tabora tumeiacha. Tukifika Kigwa tutakunywa maji, si mbali. Goweko tutapumzisha shingo. Tura tutajaza vibuyu, kila mtu na chake, maana ukiiacha Tura unaingia Mgunda Mkali. Huko hakuna maji, hakuna kivuli, hakuna wa kumwuliza njia. Na msafara haumsubiri mtu, mjukuu wangu. Mwanamke anatembea."

Basi mtoto akajifunza kutembea. Tangu siku hiyo maumivu yalipomjia alifumba macho akaingia njiani. Tumbo likianza kuvuta, anatoka Kwihara. Likishika kiuno, Kigwa. Likishuka mapajani asiweze kukanyaga mashine, hapo ni Goweko.

Aliniambia huko njiani mwanga ni wa rangi ya asali iliyoinuliwa dirishani. Vumbi likinyanyuka halirudi chini. Watu ni wengi mbele na nyuma, lakini miguu yao haina sauti. Kinachosikika ni pumzi tu. Yeye amebeba mzigo wa vitambaa vya merikani kichwani, lakini uzito wake haukai kichwani, unakaa tumboni. Na mbele yake siku zote anatembea mwanamke mmoja aliyevaa kaniki. Mgongo wa mwanamke huyo anaujua kwa miaka ishirini, hata kovu la begani analijua. Uso wake hajawahi kuuona.

"Hujawahi kumwita?" nikamwuliza.

"Namwita kila mara. Namwuliza, habari za safari, mama? Hageuki. Ananijibu, nzuri."

Nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira zaidi ya huruma, na hasira yenyewe nilikuwa najikasirikia mimi.

Akanieleza na la mwisho. Zamani Mgunda Mkali alifika mara moja kwa mwaka. Siku hizi alifika kila mwezi, na mara nyingine hata katika siku ambazo si zake. Uwesu alikuwa amechoka kumwona akirudi nyumbani amekunjamana. Si mtu mbaya Uwesu, aliamini ni kule kukanyaga ndiko kunakomwumiza. Alikuwa ameshapata mnunuzi wa mashine, mtu wa Nzega. Mashine ikiondoka, Najiat atakwenda Sikonge kwa kaka yake kufunga tumbaku msimu ukifika. Kana kwamba tumbaku ina huruma kuliko cherehani.

"Mashine ya mama yako?" nikasema.

"Nitafanyaje, dada? Kila nikienda hospitali narudi na vidonge vile vile."

Wiki ile ile redio ikatangaza kwamba madaktari bingwa wanakuja Tabora kwa siku tano, na wa magonjwa ya wanawake atakuwapo. Nikamwambia tunakwenda, mimi na wewe. Kisha akasema, "Nitakwenda hii mara moja. Wakinirudisha na vidonge, mtu wa Nzega aje achukue mashine."

Tulikwenda kwa miguu, taratibu, tukipita kwenye miembe ya zamani, yeye akisimama kila baada ya hatua chache kana kwamba anafunga kiatu. Njia nzima namfundisha.

"Ukiulizwa habari, usiseme nzuri."

"Nisemeje sasa?"

"Sema mbaya."

"Kwa mtu nisiyemjua? Hata sijaketi? Dada, hiyo si adabu."

"Leo adabu tumeiacha nyumbani na funguo."

Hospitalini tulikaa benchini tangu saa moja mpaka saa saba. Kulikuwa na wanawake kutoka Nzega, kutoka Igunga, kutoka vijiji ambavyo hata mimi sijavisikia, wamekaa wamenyooka, mikoba mapajani. Nikawasikia wanavyosalimiana. Habari ya huko? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Mnaendeleaje? Hatujambo. Benchi zima la wagonjwa, na kwa kuwasikiliza ungesema wamekuja harusini. Nilikuwa nimeishi na salamu hizo maisha yangu yote, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuzisikia.

Tukaitwa. Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka, mtu wa kutoka mbali. Ungemjua kwa matamshi. Pembeni yake aliketi nesi mnene wa makamo, kitambulisho chake kimeandikwa Adelina.

"Karibuni. Habari za leo, dada?"

Nikamkanyaga Najiat mguu.

"Nzuri, alhamdulillahi," akasema Najiat.

Daktari akaandika. "Unasumbuliwa na nini?"

"Tumbo tu. Kidogo."

"Linauma sana?"

"Kiasi."

"Tufanye hivi. Moja ni maumivu madogo sana, kumi ni makali kuliko yote. Lako ni ngapi?"

Najiat akafikiri kwa uaminifu kabisa. Namjua; alikuwa anawafikiria walioungua moto, waliovunjika mifupa, bibi yake aliyekufa kwa saratani. Atajipaje kumi mtu aliyekuja kwa miguu yake?

"Mbili," akasema. "Labda tatu."

Kalamu ikasogea kwenye cheti cha dawa. Nikaiona mashine ya mama yake inafungwa kamba. Nikasimama.

"Dokta, huyu mwongo! Huyu ni fundi cherehani!"

Mlango ulikuwa wazi, benchi zima likageuka kututazama. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, kaa tafadhali. Mwenye maumivu ndiye anayeyajua. Mwache aseme mwenyewe."

Nikakaa, nimenywea. Feni ilizunguka juu yetu. Najiat akafumba macho, na nikaona ameondoka. Nikamwona kabisa akitoka pale ofisini.

"Dokta," akasema, kwa sauti ile ya chini, "namba zenu hazinisaidii. Naomba niseme kwa njia ninayoijua mimi. Leo nimeamka niko Kigwa. Hapo benchini nimefika Goweko. Goweko bado natembea, natabasamu, nashona. Tura nakuwa chini ya meza. Na kila mwezi siku tano, siku hizi sita, nakuwa Mgunda Mkali. Huko siwezi kusimama. Nikienda haja kubwa naona giza. Mume wangu akinigusa natamani kupiga kelele, siku yoyote, hata isiyo ya damu. Ni miaka ishirini. Bibi alisema msafara hausubiri, kwa hiyo natembea. Lakini sasa hivi, dokta, mimi siwezi tena."

Daktari alimtazama nesi kama mtu anayeomba tafsiri. Nesi Adelina alikuwa ameacha kuandika.

"Dokta, kwetu ni Goweko," akasema. "Huko Mgunda Mkali anakokutajia, wazee wetu walizika watu kando ya njia, wengine hawakuzikwa. Futa hiyo mbili."

"Niandike ngapi?"

"Andika alivyosema."

Akaandika alivyosema, neno kwa neno, na kila aliposhindwa jina la kituo alimwuliza Adelina. Halafu akainua kichwa, na safari hii alimtazama Najiat mwenyewe. "Na ile nzuri uliyonijibu ulipoingia?"

"Ile ilikuwa salamu, dokta."

Kijana wa watu akavua miwani akaifuta, na akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Wakampima vizuri, na picha ya tumbo ikapigwa. Kulikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa mayai, mkubwa kama limau. Daktari akachora kwenye karatasi akatueleza: kitu kinachofanana na utando wa ndani ya kizazi kimeota nje ya kizazi, kila mwezi nacho kinavuja damu, na damu haina pa kutokea. Ndiyo maana inaunguza, inagandisha viungo, na huenda ndiyo maana mtoto hajaja. Akalitaja na jina lake, refu kama treni ya mizigo, siwezi kulirudia. Nililoshika ni jambo alilolisema mwishoni, kwamba wanawake wengi wanao ugonjwa huo na hukaa nao miaka bila kuambiwa jina lake.

Siku ya nne wakamfanyia upasuaji. Mimi na Uwesu tulikaa nje. Alikuwa amezishika ndala za mkewe mikononi tangu walipomwingiza, na sikumwambia aziweke chini.

Najiat alipozinduka alituomba maji, kisha akasema, "Ametua."

"Nani?"

"Yule wa mbele. Tulipita Tura, tukaingia kule kule. Katikati ya njia akashusha mzigo. Akageuka."

"Anafananaje?" nikamwuliza.

"Sikumwona vizuri, jua lilikuwa nyuma yake. Lakini aliketi chini, dada. Na msafara ukasimama."

Mtu wa Nzega alikuja Jumatatu na kamba yake. Uwesu alimwambia mashine haiuzwi. Alilalamika sana, kwamba kapoteza siku na nauli, nami nikamwuzia zipu mbili asirudi mikono mitupu.

Nisidanganye kwamba yamekwisha. Daktari alisema kitu hicho kinaweza kuota tena, na dawa anazomeza Najiat zinampa kichefuchefu na joto la ghafla. Mtoto bado. Mota bado. Lakini zile siku sita zimekuwa mbili, na shule moja ndogo imempa sketi arobaini.

Asubuhi moja ya Juni, baridi ya Tabora imeshika mpaka vifungo vya chuma ni vya barafu mkononi, alifika akasimama bila kuifunua mashine.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Habari za kuamka?"

Nikaona midomo yake inatafuta njia.

"Mbaya," akasema.

Maneno ya kujibia nilikuwa nayo tayari mdomoni, tunamshukuru Mungu, na yakakwama. Tangu nizaliwe nimefundishwa nini cha kumjibu mtu akisema nzuri. Cha kumjibu huyu sikufundishwa na mtu. Sikutazama pembeni. Nikainuka, nikachemsha maji, nikaijaza chupa, nikamtandikia kaki chini ya meza, nikavuta kigoda changu nikakaa kando yake, meza yangu ya biashara nimeifunika saa mbili asubuhi.

Kabla ya adhuhuri akaja Levina kufuata sketi mpya za mapacha, mkono kiunoni kama kawaida yake.

"Fundi yuko wapi?"

"Yuko Goweko," nikamwambia. "Anaelekea Tura. Kesho kutwa atakuwa amerudi."

Levina akatazama vile vitambaa vilivyotundikwa. Akavua viatu, akakaa upande wa pili, akavuta sketi iliyokuwa haijaisha na kikopo cha pini, akaanza kubana marinda, mabaya sana, moja moja.